Kubalansi krenki unapobadilisha urefu wa konrodi: mfano wa Chevrolet 383

Ukinunua konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za inchi 6.0 kuweka mahali pa zile za inchi 5.7, balansi ya zamani ya krenki yako imekwisha kazi. Watu wengi hudhani sababu ni urefu wenyewe. Krenki inachobeba ni uzito, na konrodi ndefu hubadilisha uzito wa karibu kila kitu kinachofungwa juu yake: pistoni inakuwa fupi na nyepesi, ringi za mafuta huhitaji kipande cha ziada, na konrodi yenyewe huugawa uzito wake kwa namna nyingine kati ya bigendi (ncha kubwa inayoshika krenki) na smolendi (ncha ndogo inayoshika pistoni).

Hapa kazi inafuatwa kuanzia kuchagua vipuri mpaka krenki inapotoka kwenye mashine. Mfano ni V8 ya Chevrolet ya bloku ndogo iliyogeuzwa kuwa 383 (ujazo wake kwa inchi za ujazo), kwa sababu ndiyo injini ambayo swali la "5.7 au 6.0?" haliishi. Hesabu ni hiyo hiyo kwa V8 yoyote ya nyuzi 90 ambayo pini zake nne za krenki (shingo zinazoshikwa na konrodi) zimekaa kwa mpangilio wa msalaba.

Urefu unagusa nini hasa

Kupata 383 unachukua bloku ya 350, unatanua silinda mpaka inchi 4.030 (saizi 30, yaani milimita 102.4), halafu unaweka krenki yenye mwendo (umbali pistoni inaosafiri kutoka juu hadi chini) wa inchi 3.75, sawa na milimita 95.25. Mwendo huo ni wa injini ya 400 iliyotengenezwa kuanzia 1970 hadi 1980. Zamani mafundi wa Marekani walichukua krenki ya 400 yenyewe na kuchonga shingo za meni (zile zinazokaa kwenye bloku) kutoka inchi 2.65 mpaka 2.45 ili zikae kwenye bloku ya 350. Leo krenki za namna hiyo zinauzwa mpya, tayari kwa kufungwa.

Kutoka katikati ya krenki mpaka uso wa juu wa bloku ni milimita 229.2. Kimo hicho kinagawanywa kwa vitu vitatu: nusu ya mwendo, ambayo ni 47.6, urefu wa konrodi, na kimo cha pistoni kutoka katikati ya pini yake mpaka utosini. Konrodi ya 5.7 ina milimita 144.8, kwa hiyo pistoni inaachiwa 36.8. Konrodi ya 6.0 ina milimita 152.4, na pistoni inaachiwa 29.2 tu. Pistoni za dukani hutengenezwa kwa kimo cha 36.2 na 28.6, na utosi hubaki chini ya uso wa bloku kwa milimita 0.6 hivi.

Milimita 7.6 zilizoongezwa kwenye konrodi zimekatwa kwenye pistoni, na faida ya konrodi ndefu imejificha hapo. Urefu peke yake unachangia kidogo mno. Kwa mizunguko 6000 kwa dakika, mchapuko wa pistoni pale inapogeuka juu ni kama mita 25,000 kwa sekunde mraba ukitumia 5.7, na 24,700 ukitumia 6.0. Tofauti ni asilimia 1.2. Lakini pistoni fupi ikiwa nyepesi kwa gramu 50, uzito wote unaopanda na kushuka kwenye silinda moja hupungua kwa asilimia 5 hivi. Anayesema konrodi ndefu imeituliza V8 kwa sababu ya pembe yake anakuuzia hadithi. Kilichopunguza mzigo ni pistoni. Isitoshe, mtikisiko unaotokana na pembe ya konrodi, ule unaokuja mara mbili kwa kila mzunguko, hufutana wenyewe kwenye V8 ya krenki ya msalaba.

Krenki ya konrodi ipi?

Kosa la kwanza hufanyika dukani, kabla hata boksi halijafunguliwa. Pistoni ikiwa chini kabisa, katikati ya pini yake iko milimita 97.2 juu ya katikati ya krenki kwa konrodi ya 5.7, na milimita 104.8 kwa ya 6.0. Mtengenezaji wa krenki ya 6.0 huitumia nafasi hiyo: anatanua kauntaweti, yale mapande mazito yanayokabiliana na pini ya krenki, ili krenki ibalansiwe bila msaada wa dampa (kizuia mtikisiko kilichofungwa mbele ya krenki) wala flaiwili (gurudumu zito la nyuma). Ukifunga krenki hiyo na konrodi za 5.7, pistoni itashuka chini zaidi na sketi yake (ukuta wake wa chini), au vifundo vya pini, vitagonga kauntaweti. Huenda isigonge ukizungusha kwa mkono na injini baridi. Ikipata moto na mizunguko, itagonga.

Kinyume chake hakina shida ya nafasi. Krenki ya 5.7 inapokea konrodi za 6.0, ila kauntaweti zake ni ndogo kuliko ambavyo zingeweza kuwa. Kwa vile pistoni ni nyepesi, mara nyingi zinatosha.

Uliza pia balansi ni ya ndani au ya nje. Krenki ya 350 ya zamani, yenye sili ya nyuma ya vipande viwili, ni ya ndani: dampa na flaiwili havina uzito wa upande mmoja. Krenki ya 400 ni ya nje kote kuwili, kwa sababu kauntaweti hazikupata nafasi ya kutosha ndani ya bloku, basi uzito uliobaki ukahamishiwa kwenye dampa mbele na flaiwili nyuma. Bloku za kuanzia 1986, zenye sili ya kipande kimoja, ziko katikati: mbele hakuna uzito, nyuma upo. Aina hizi tatu hazichanganywi. Dampa ya 400 ikifungwa kwenye krenki ya balansi ya ndani, injini itatikisika tangu ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta), na hakuna kuchonga pistoni kutakakoiponya.

Krenki nyingi huja na karatasi iliyoandikwa uzito lengwa, kwa mfano gramu 1800. Hiyo inamaanisha kiwandani zimechongwa karibu na uzito huo ili fundi asipate kazi kubwa. Usiifunge ukidhani imeshabalansiwa kwa vipuri vyako.

Jaribu kufunga kabla ya kupima uzito

Kila unachosaga baada ya kubalansi kinaharibu balansi. Kwa hiyo injini inafungwa kwanza kwa majaribio, bila sili na bila ringi za kukaza: krenki kwenye meni, konrodi nane na pistoni zake, kamshafti na cheni yake kwenye alama. Zungusha kwa mkono, pole pole, ukiangalia sehemu nne.

Ya kwanza ni kati ya kauntaweti na sketi ya pistoni, pistoni ikiwa chini kabisa. Taka angalau milimita 1.5. Bandika udongo wa kuchezea watoto kwenye kauntaweti, zungusha mara mbili, halafu ukate na kupima unene uliobaki. Ni rahisi kuliko kuingiza fila geji (bapa nyembamba za kupimia nafasi) mahali ambapo mkono haufiki. Ya pili ni bolti za konrodi na ukingo wa chini wa silinda pamoja na kuta za chini za bloku. Kwa mwendo wa milimita 95.25 hapo karibu kila mara panahitaji kusagwa, na kuna bloku ambazo ukisaga kwa pupa unatokea kwenye njia ya maji. Ya tatu ni bolti za konrodi na kamshafti, ambapo pia unataka si chini ya milimita 1.3, ikigusa, suluhisho ni konrodi zenye mabega yaliyopunguzwa au kamshafti yenye msingi mwembamba wa kemu. Ya nne ni sampu na pampu ya oili.

Hakikisha urefu wa konrodi hapo hapo, maana seti zilizochanganyika zipo. Pima umbali kati ya kingo za ndani za matundu mawili, ongeza nusu ya kila kipenyo. Konrodi ya 6.0 yenye tundu la bigendi la milimita 56.5 na la pini la 23.55 lazima ikupe 112.4 kati ya kingo.

Ukishasaga konrodi, pistoni au krenki popote, osha, kausha, ndipo uende kwenye mizani.

Kwenye mizani

Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.1 na kubeba kilo 2 inatosha. Iweke mbali na feni na mlango. Upepo wa feni ya dari unacheza na gramu moja bila wasiwasi.

Pistoni ndizo rahisi. Pima zote nane, tafuta iliyo nyepesi kuliko zote, na upunguze nyingine ziifuate, ndani ya gramu 1 kwa injini ya barabarani, nusu gramu kama unajali. Metali inatolewa chini ya vifundo vya pini au kwenye ukuta wa ndani ulioachwa mnene kwa kazi hiyo. Utosi hauguswi. Pini, klipu na seti ya ringi pima seti moja moja, maana kwa kawaida zinalingana. Kwa konrodi ya 6.0 tundu la pini mara nyingi linakata mfereji wa ringi ya mafuta, na pistoni huja na reli ndogo ya kuishikilia ringi. Reli hiyo ina uzito wa gramu chache na ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu hubaki ndani ya mfuko wa plastiki wakati wa kupima.

Konrodi zina kazi zaidi. Uzito wa jumla hautoshi. Lazima ujue bigendi ina ngapi na smolendi ina ngapi, kwa kuwa bigendi inazunguka na krenki huku smolendi ikipanda na kushuka na pistoni. Unahitaji stendi: upande mmoja wa konrodi unaning'inia kwenye beringi ndogo iliyokaa katikati ya tundu, upande wa pili umekaa kwenye mizani, na konrodi imelala mlalo kabisa. Pima bigendi, geuza, pima smolendi. Bigendi inapimwa na bolti zake, bila beringi za konrodi. Jumla ya namba mbili lazima ilingane na uzito wa konrodi nzima, ikipishana si zaidi ya gramu 1. Ikipishana zaidi, stendi inakamata au konrodi haijalala mlalo. Igonge kidogo kwa kidole ili itulie, upime upya.

Kusawazisha konrodi kuna mtego mmoja. Ukisaga kwenye nundu iliyo nje ya tundu la smolendi, unaathiri pande zote mbili. Toa gramu 3 mahali palipo milimita 18 nje ya katikati ya tundu, na kwa konrodi ya 6.0 smolendi itashuka kwa gramu 3.35 huku bigendi ikipanda kwa 0.35. Konrodi inafanya kazi kama ubao wa bembea wa watoto. Kwa hiyo baada ya kila kusaga pima ncha zote mbili, na malizia na ile inayohitaji marekebisho madogo. Mikwaruzo ya jiwe ifuate urefu wa konrodi. Mkwaruzo unaokatiza ubapa wake ni mwanzo wa ufa.

Hesabu ya uzito bandia

Kwenye mashine ya kubalansi huwezi kufunga konrodi na pistoni. Badala yake kila pini ya krenki inavishwa uzito bandia, bobuweti kwa lugha ya karakana, unaowakilisha konrodi mbili na pistoni mbili. Kwa V8 ya nyuzi 90 unachukua asilimia 100 ya vinavyozunguka na asilimia 50 ya vinavyopanda na kushuka. Kwa kuwa pini moja ina pistoni mbili, nusu ya mbili ni moja: unajumlisha seti moja tu ya juu.

Hizi hapa seti mbili za mfano, kwa gramu. Usizinakili, weka namba za mizani yako.

| | Konrodi 5.7 | Konrodi 6.0 |
|---|---|---|
| Bigendi × 2 | 880 | 890 |
| Beringi za konrodi × 2 | 84 | 84 |
| Oili iliyomo | 8 | 8 |
| Pistoni | 490 | 440 |
| Pini | 118 | 118 |
| Ringi | 52 | 52 |
| Klipu | 4 | 4 |
| Smolendi | 178 | 185 |
| Uzito bandia | 1814 | 1781 |

Angalia jinsi konrodi ndefu ilivyoongeza gramu 10 chini na 7 juu, halafu pistoni ikarudisha 50. Matokeo ni gramu 33 pungufu kwa kila pini ya krenki. Ukinunua pistoni nzito za 6.0, zenye utosi ulioinuka kwa mfano, tofauti hiyo inaweza kupotea yote. Ndiyo sababu hakuna kanuni ya "konrodi ndefu, punguza kiasi fulani".

Wapo wanaoweka asilimia 51 au 52 ya vinavyopanda na kushuka kwa injini za mbio. Kwa injini ya barabarani 50 inatosha.

Je, gramu 33 zinastahili usumbufu wote huu? Kosa likiwa sawa kwenye pini zote nne, nguvu zenyewe hufutana, lakini mbele na nyuma ya krenki hubaki zinavutana kinyume, mithili ya mtu anayepiga kasia kulia na kushoto kwa zamu. Pini za bloku ndogo ya Chevrolet zimeachana milimita 111.8. Ukipiga hesabu kwa nusu ya mwendo ya 47.6 na kauntaweti za mwisho zilizoachana karibu milimita 400, gramu 33 hubaki kama gramu 18.5 zilizobandikwa milimita 75 kutoka katikati, kila ncha. Kwa mizunguko 6000 huo ni mvuto wa kilo 56 hivi kwenye meni ya kwanza na ya mwisho, ukigeuka mara 100 kwa sekunde. Kwa mizunguko 3000 ni kilo 14, ambazo dereva anaweza asizisikie kabisa. Beringi zinazisikia.

Krenki ikiwa kwenye mashine

Kila bobuweti inafungwa na kupimwa iwe sawa na hesabu, ndani ya nusu gramu, na zote nne zilingane. Inakaa katikati ya upana wa pini. Ikisogea kuelekea upande mmoja inaleta mvutano wa uongo, na fundi ataondoa chuma pasipohitajika. Kama balansi ni ya nje, dampa na flaiwili (au sahani ya gia otomatiki) hufungwa kwenye krenki wakati wa kuzungusha. Kwa bloku ya 1986 na kuendelea ni flaiwili au sahani ya nyuma tu, bila dampa. Kama balansi ni ya ndani, krenki inazungushwa peke yake kwanza, halafu dampa na flaiwili vinaongezwa na kukaguliwa kimoja kimoja. Kikionyesha uzito, kirekebishe chenyewe bila kuigusa krenki. Hivyo siku ya kubadilisha klachi na flaiwili hutalazimika kuishusha injini.

Mashine inakuonyesha gramu na pembe kwa kila ncha. Lengo likoje? Ukifuata daraja la balansi la G 6.3 la ISO, shirika la viwango la kimataifa, kwa mizunguko 6000, krenki ya kilo 24 pamoja na bobuweti nne, jumla kilo 31, inaruhusiwa kubakiza gramu-milimita 310, yaani 155 kila ncha. Hiyo ni gramu 2 kwenye nusu kipenyo cha milimita 75. Linganisha na gramu 18.5 za hapo juu: seti ya konrodi iliyobadilishwa bila kubalansi imevuka kiwango mara tisa.

Ncha ikiwa nzito upande wa kauntaweti, unatoboa. Keekee ya milimita 12.7 hutoa karibu gramu 1 ya chuma kwa kila milimita ya kina. Ya milimita 25 hutoa karibu 3.9. Mwanzo wa tundu hutoa pungufu kwa sababu ya ncha ya keekee. Ukitoboa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kila milimita unayoshuka inafanya kazi kwenye nusu kipenyo kidogo zaidi: gramu ya kwanza iko milimita 80 kutoka katikati, ya mwisho ya tundu lenye kina cha 30 iko 50 tu. Matundu mawili mafupi yanashinda moja refu. Kaa mbali na pembe ya duara ambapo kauntaweti inaungana na shingo, na usitoboe kwenye ukingo mwembamba ambapo ukuta utabaki chini ya milimita 5.

Ncha ikiwa nyepesi, unaongeza chuma kizito cha tangsteni. Kina zaidi ya mara mbili ya uzito wa chuma cha kawaida, lakini unacholipwa ni tofauti tu. Kipande cha milimita 25 kwa 25 kina gramu 209 hivi kwa aloi ya gramu 17 kwa sentimita ya ujazo. Tundu lake limetoa gramu 96 za chuma, kwa hiyo faida ni 112. Tundu lipite sambamba na mhimili wa krenki, kwenye ubavu wa kauntaweti, kipande kiingie kwa kubana, kisha kifungwe kwa kulehemu au kwa kukandamiza ukingo. Kikiwekwa kutoka ukingoni kuelekea katikati, nguvu ya mzunguko inakisukuma nje moja kwa moja, na kikitoka kinatoka na bloku.

Ukiona unahitaji vipande vitatu au vinne kila ncha, simama. Ama krenki si ya konrodi hizo, ama hesabu ina kosa. Kosa la kawaida ni fundi kuhesabu seti mbili za juu badala ya moja, na bobuweti ikavuka gramu 2500.

Injini ya mstari haifuati hesabu hii

Fundi aliyezoea Toyota za Dar es Salaam au Mombasa atajiuliza mbona hajawahi kuona bobuweti. Krenki ya silinda nne za mstari ina pini mbili juu na mbili chini, nusu ya mbele ikiwa kioo cha ya nyuma. Uzito wowote ukiwa sawa kwenye pini zote nne, krenki haiyumbi, kwa hiyo inazungushwa tupu. Silinda sita za mstari, kama injini ya Toyota 1HZ, ni hivyo hivyo. Kinachotakiwa ni seti zilingane: bigendi kwa bigendi, smolendi kwa smolendi, pistoni kwa pistoni. Konrodi moja ya gari lingine iliyozidi gramu 20 hapo ni kosa kamili, hakuna mwenzake wa kuifuta.

Lakini urefu wa konrodi, ambao kwenye V8 ulikuwa hauna neno, kwenye silinda nne unapata sauti. Mtikisiko wa mara mbili kwa mzunguko haufutani, unajumlishwa. Chukua gramu 800 zinazopanda na kushuka kwa kila silinda, mwendo wa milimita 90 na konrodi ya 150: kwa mizunguko 4000 injini nzima inasukumwa juu na chini kwa nguvu ya kilo 770 hivi. Konrodi ya 155 inapunguza asilimia 3, na pistoni nyepesi inapunguza kwa kadiri ya wepesi wake. Injini kama Toyota 3RZ-FE ina shafti mbili za kubalansi zinazozunguka mara mbili ya kasi ya krenki, na uzito wake umepangwa kwa pistoni na konrodi za kiwandani. Ukiweka pistoni nyepesi mno, shafti zinarekebisha kupita kiasi, na tofauti hiyo inasikika kwenye usukani. Hapo ama ubaki karibu na uzito wa kiwandani, ama uzito wa shafti wenyewe upunguzwe kwa uwiano ule ule.

Kwa V8, kabla krenki haijaondoka karakanani, gonga namba ya bobuweti kwenye ubavu wa kauntaweti ya kwanza, na uandike kwenye karatasi uzito wa kila kipuri pamoja na upande wa balansi, ndani au nje. Pistoni moja ikivunjika baada ya miaka, mpya itachongwa kufuata karatasi hiyo na krenki haitahitaji kutoka.